Ummu Salamah: Mke Aliyependa, Mama Aliyelia

Yatajwapo mahaba ya mke kwa mumewe na huruma ya mama kwa mwanawe, aghalabu tunamkumbuka Bi Khadija (R.A.). Leo tumependelea kumtazama Bi Hind bint Abi Umayya, yaani Ummu Salamah (R.A.), kwani mapenzi hayo mawili yalimpata kwa pamoja, na kwa pamoja yakamwumiza.

Yeye na mumewe, Abu Salamah (R.A.), walikuwa miongoni mwa waliohamia Uhabeshi. Waliporejea Makka na kuazimia kwenda Madina, jamaa zake wa Bani Mughira walimzuia. Jamaa wa mume wakaghadhibika, wakamgombania mtoto Salamah, wakamvuta hata mkono wake ukateguka, kisha wakamchukua. Baba akenda Madina peke yake. Ikawa kila asubuhi mama hutoka hadi Abtah, akalia mpaka jioni. Alikaa hivyo karibu mwaka mzima, hata jamaa yake mmoja akamwonea huruma na kuwasemeza wenzake. Akarejeshewa mwanawe, akapanda ngamia pasi na mwandani. Huko Tan'im alikutana na Uthman bin Talha, ambaye hakusilimu ila mwaka wa 8 Hijria. Huyo alimwongozea ngamia hadi Quba, na kila kituo alimpigisha ngamia magoti, kisha akajitenga mbali chini ya mti. Adabu hiyo ya mtu asiyekuwa Muislamu bado, sisi twaona inastahili kukumbukwa.

Furaha haikudumu. Abu Salamah alijeruhiwa Uhud mwaka wa 3 Hijria (625), na mwaka uliofuata jeraha likamfungukia, akafariki. Imepokewa kuwa mkewe alitaka waahidiane kwamba atakayebaki asioe wala asiolewe tena. Mume akakataa, akamwombea mume bora kuliko yeye. Naye alijiuliza ni nani huyo awezaye kuwa bora.

Mtume (S.A.W.) alipomposa, alitoa udhuru wa umri, wivu na watoto. Mtume akaupokea kila udhuru kwa upole, akamwoa. Zainab alikuwa angali ananyonya. Mtume alikuwa akija na kumkuta mama amempakata mtoto, hurejea kwa haya, hata Ammar bin Yasir (R.A.) akaja kumchukua mtoto huyo. Naye kijana Umar alilelewa mikononi mwa Mtume, akila naye sahani moja, mkono ukitangatanga humo. Akamfundisha kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake.