Padre Secchi na Darubini Iliyosimama juu ya Kanisa

Mgeni aingiaye kanisa la Mtakatifu Inyasi mjini Roma huinua macho na kuona kuba refu lenye nguzo na madirisha. Kuba hilo halipo. Halikujengwa kamwe, na mwaka 1685 Bruda Andrea Pozzo wa Shirika la Yesu alilichora kwa rangi juu ya kitambaa, akaziba pengo. Lakini nguzo zilizokusudiwa kulibeba zilikuwa zimekwisha kujengwa, nene na nzito, na juu yake ndipo Padre Angelo Secchi alipojenga nyumba ya kutazamia nyota. Twapenda kueleza habari zake, kwa kuwa wapo hata leo wanaodhani kwamba altare na elimu ya mbingu havipatani.

Alizaliwa Juni 1818 huko Reggio Emilia, mwana wa seremala. Mama yake alitaka afundishwe hata kushona na kufuma. Nasi twaona kwamba mikono yake haikusahau mafunzo hayo. Mwaka 1833 aliingia Shirika la Yesu. Mwaka 1848 Wajesuiti walifukuzwa Roma, naye akaenda Stonyhurst katika Uingereza, kisha Georgetown katika Marekani. Mwaka huo huo Padre de Vico, msimamizi wa darubini za Chuo cha Roma, alifia ugenini London. Secchi akaitwa kurudi kushika mahali pake.

Alikuta mnara wa zamani usiofaa kwa kazi aliyoitaka, na hapa yafaa tueleze sababu. Kukuza si kazi ngumu. Mwenye darubini huchomoa kile kioo kidogo kilicho upande wa jicho, akatia kingine chenye nguvu zaidi. Ikiwa kioo kikubwa cha mbele hukusanya mwanga umbali wa mita 4 na sentimita 30, basi kioo kidogo cha milimita 43 hukuza mara 100, na kile cha milimita 10 hukuza mara 430. Lakini kila kitu hukua pamoja na nyota: mtikisiko wa sakafu, kasoro za kioo, na hewa itetemekayo juu ya mapaa yaliyohifadhi joto la mchana. Nuru ile ile hutandazwa mahali papana zaidi, ikafifia. Tena mwanga wenyewe una mpaka usioshindwa na fundi yeyote. Kioo cha mbele chenye upana wa sentimita 24 hakionyeshi jambo jipya kikikuza kupita mara 500 hivi, hata usiku ulio mtulivu kabisa, na usiku wa namna hiyo ni nadra. Azidishaye hapo hupata doa kubwa zaidi tu. (Wazazi wanaoona sanduku la darubini ya mtoto likijisifu kwamba hukuza mara 600 wakumbuke hayo kabla ya kutoa fedha.)

Kwa hiyo Padre Secchi hakuanza na kioo cha jicho. Alianza na nguzo. Juu yake akasimamisha darubini ya Merz wa München, yenye kioo cha sentimita 24, karibu sawa na ile ambayo Struve aliitumia Dorpat, naye akazipima upya nyota pacha za Struve, zile ambazo jicho tupu huziona kuwa moja. Jua alilichunguza kwa miaka mingi. Tarehe 18 Julai 1860, jua lilipopatwa, alipiga picha huko Hispania. Zilipolinganishwa na za De la Rue, ilibainika kwamba ndimi za moto zionekanazo pembezoni ni za jua lenyewe. Baadaye alipambanua mwanga wa nyota zaidi ya 4,000 na kuzigawa kwa aina zake.

Hata yeye hakuepuka kudanganywa na jicho. Mwaka 1858 alichora doa jeusi la Mirihi akaliita mfereji. Doa lilikuwapo kweli, lakini si mfereji. Na waliomfuata waliona mistari mingi ambayo haikuwapo kabisa.

Jaribu kubwa zaidi halikutoka mbinguni. Mwaka 1870 Roma ilitwaliwa na ufalme wa Italia, na mwaka 1873 Chuo cha Roma kikanyang'anywa. Secchi alipewa kiti katika chuo kikuu cha serikali, akakikataa kwa kuwa hakutaka kumwacha Baba Mtakatifu wala Shirika lake. Jina lake lilikuwa limeenea Ulaya nzima, na serikali ikamwacha aendelee na darubini yake maadamu yu hai. Alifariki tarehe 26 Februari 1878, siku 19 baada ya Papa Pius IX, akiwa na umri wa miaka 59. Mwaka uliofuata nyumba ya nyota ikachukuliwa, na mapadre wenzake wakashuka ngazi za Mtakatifu Inyasi mikono mitupu.