Ibn Battuta: Mwana wa Tangier aliyerudi akakuta makaburi

ALIPOIAGA Tangier mnamo Juni 1325, Ibn Battuta alikuwa na umri wa miaka 21, peke yake, bila msafara wa kuandamana nao. Nia yake ilikuwa kuhiji Makka. Alirejea Morocco miaka 24 baadaye, na wazazi aliowaacha hawakuwapo tena duniani.

Msafiri huyo alizaliwa katika mji huo wa bandari mnamo Februari 1304, katika ukoo wa makadhi, akasomea sheria ya Kiislamu. Elimu hiyo ndiyo iliyomfungulia milango na kumpa riziki karibu kila alikokwenda.

Mwanzoni safari ilimtesa. Homa ilimshika njiani, na alipowasili Tunis alibubujikwa na machozi kuona wenzake wakilakiwa ilhali yeye hapana aliyemsalimu. Hata hivyo, kabla ya kufika Misri alikuwa ameteuliwa kadhi wa msafara wa mahujaji, ameoa, ameacha na kuoa tena.

Alihiji mwaka 1326, lakini hakugeuka kurudi kwao. Alijiwekea sharti la kutopita njia moja mara mbili kila ilipowezekana. Safari iliyoanza kwa ibada ikawa uraibu.

Uraibu huo ndio uliomleta pwani ya Afrika Mashariki mnamo 1331. Akitokea Mogadishu, alilala usiku mmoja Mombasa, ambako alikuta misikiti imara ya mbao, na waumini wakinawa miguu mlangoni kabla ya kuingia. Kisha alielekea Kilwa, iliyoko Tanzania ya leo, kwa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu kiasi cha kumpa fakiri mavazi aliyokuwa amevaa.

Alipoingia miaka ya thelathini, kiu ya kuona ilichanganyika na kiu ya cheo. Nchini India, Sultani Muhammad bin Tughluq alimfanya kadhi wa Delhi na kummiminia zawadi. Lakini mtawala huyo aliogofya kama alivyotoa: Ibn Battuta aliwahi kuwekwa chini ya ulinzi kwa sababu ya uhusiano wake na shehe mmoja aliyeuawa baadaye kwa amri ya Sultani.

Hatimaye alitumwa balozi Uchina. Dhoruba iliyopiga Calicut iliangamiza zawadi alizokabidhiwa, naye akachelea kurudi Delhi mikono mitupu. Alikwenda visiwa vya Maldives, akawa kadhi huko, kisha akaendelea mpaka Uchina kwa jitihada zake mwenyewe.

Gharama ya miaka hiyo yote ilimdhihirikia Damascus mnamo 1348, wakati tauni ikiteketeza miji. Hapo alipata habari kwamba babake alikuwa amefariki miaka 15 awali, na kwamba mwanawe aliyezaliwa mjini humo baada ya yeye kuondoka naye alikuwa amekufa zamani. Akiwa njiani kurejea kwao mwaka uliofuata, aliarifiwa kuwa mamake ameuawa na tauni. Alichoweza kufanya ni kuzuru kaburi lake Tangier.

Hata msiba huo haukumtuliza. Alivuka bahari hadi Granada, na mnamo 1352 akakata jangwa la Sahara kwenda Mali. Safari hiyo ilikoma pale Sultani Abu Inan wa Morocco alipomwamuru arejee Fez.

Miguu ilipotulia, kumbukumbu ndiyo iliyosafiri. Alimsimulia Ibn Juzayy, mwandishi kutoka Granada, naye akakamilisha kitabu mnamo 1355. Wataalamu wanatilia shaka baadhi ya sehemu, na kurasa nyingine zimebainika kuazimwa kwa waandishi waliotangulia. Umbali wake hukadiriwa kuwa kilomita 117,000.

Alimaliza maisha yake akiwa kadhi katika mji mmoja wa Morocco, akafariki mnamo 1368 au 1369. Kwa wakazi wa pwani, maelezo yake ni miongoni mwa machache ya shahidi aliyeiona Mombasa na Kilwa kabla ya merikebu za Wareno kutokea mwaka 1498.