MARHUM KLEIST SYKES: MZEE WA KARIAKOO ALIYETUACHIA AMANA YA KALAMU



Ndugu zetu wanafunzi, pamoja na wazazi na walezi wetu, wengi wetu tunaupita Mtaa wa Kleist Sykes tunapokwenda sokoni Kariakoo. Wazee wanaujua kwa jina lake la zamani, Kipata. Lakini ukimsimamisha kijana na kumuuliza Kleist alikuwa nani, huenda akadhani ni Mzungu fulani wa zama za Wajerumani. Sivyo. Alikuwa Mwafrika, Muislamu, mzee wa mji huu, na katika toleo hili tumeona ni vyema tumkumbuke. Tumemchagua kwa mengi aliyoyafanya, lakini zaidi kwa jambo moja ambalo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kulifanya: aliandika.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alitoka Msumbiji, katika kundi la askari walioitwa Wazulu. Wajerumani waliwaleta ili kupigana na Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga mwaka 1888 na 1889. Baadaye Mbuwane alipelekwa kwenye vita dhidi ya Mkwawa wa Wahehe. Wakati wa kurudi alizama mtoni akafa, na Kleist akabaki yatima angali mdogo sana.

Tunalitaja hili kwa makusudi. Si jambo jepesi kusema kuwa baba yako alikuja nchini kama askari wa mkoloni. Familia nyingi zingelifunika. Lakini ukoo huu haukulifunika, na ndiyo sababu habari nyingine zinazotoka kwao zina uzito. Anayekueleza na lile lisilompamba, msikilize vizuri.

Yatima huyu alilelewa na Effendi Plantan, mkubwa wa askari wale wa Kizulu. Alisoma shule ya Wajerumani, akajua lugha yao na kazi za ofisini. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, alikuwa katika jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, pamoja na Schneider Plantan, mtoto wa mlezi wake. Waingereza waliichukua Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916. Jina la Kariakoo nalo limetokana na vita hivyo, maana hapo palikuwa na kambi ya kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, na watu wakalitamka jina la kikosi hicho kwa ulimi wao. Wapagazi wengi mno walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu, na walio wengi hatujui hata majina yao. Hakuna aliyewaandika.

KAZI ZAKE KATIKA MJI

Baada ya vita Kleist aliajiriwa katika shirika la reli. Mwaka 1924 alifika Dar es Salaam Dk. Kwegyir Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Naye ana mtaa wake hapo hapo Kariakoo. Kleist alikutana naye, na kwa maelezo yake mwenyewe, Aggrey ndiye aliyemshauri kwamba Waafrika waunde chama chao cha kuwaunganisha.

Mwaka 1929 kiliundwa chama cha African Association. Rais wake alikuwa Cecil Matola, na katibu wake Kleist Sykes. Pamoja nao walikuwemo wazee kama Mzee bin Sudi na Ibrahim Hamisi. Angalieni kwamba Matola alikuwa Mkristo na Kleist Muislamu, na waliketi meza moja kwa maslahi ya watu wao. Ofisi ya chama ilijengwa New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, kwa michango na nguvu za wanachama wenyewe.

Mwaka 1933 Waislamu wa mji waliunda Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Mzee bin Sudi alikuwa rais na Kleist akawa katibu. Jumuiya hii ilijenga shule ambayo watoto walisoma dini yao na elimu ya dunia mahali pamoja. Enzi hizo shule nyingi zilikuwa za wamisionari, na mzazi wa Kiislamu alikuwa na hofu ya kumpeleka mwanawe huko. Wazee wetu hawakuishia kulalamika. Walichanga, wakajenga. Sisi tunaokaa leo katika madrasa zilizojengwa kwa michango tunajua maana yake.

AMANA ALIYOIACHA

Kleist Sykes alifariki mwaka 1949. Aliacha watoto, wakiwemo Abdulwahid, Ally na Abbas. Aliacha pia kitu ambacho huenda siku ya mazishi hakuna aliyekihesabu katika mirathi: maelezo ya maisha yake aliyoyaandika mwenyewe.

Miaka mitano baadaye, tarehe 7 Julai 1954, chama kile kilichokuwa kimebadili jina na kuitwa TAA kikageuzwa kuwa TANU. Abdulwahid, ambaye alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo, na Ally walikuwa mstari wa mbele. Uhuru ulipatikana mwaka 1961. Kwa kuwa 1954 ilikuwa kubwa mno machoni mwa watu, 1929 ikaanza kusahauliwa. Vijana wakakua wakidhani harakati zilianza siku TANU ilipozaliwa.

Hapo ndipo maandishi ya yule mzee yalipofanya kazi. Mjukuu wake Daisy, binti wa Abdulwahid, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyatumia kuandika maisha ya babu yake. Kazi hiyo ilitoka mwaka 1973 katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na mwanahistoria John Iliffe. Kisha Mohamed Said, mwandishi wa historia ya Waislamu wa mji huu, akatumia nyaraka za ukoo huo katika kitabu chake cha maisha ya Abdulwahid Sykes, kilichochapishwa London mwaka 1998. Karatasi zilizokaa nyumbani zikawa mali ya taifa zima.

MAZINGATIO KWETU

Sisi wanafunzi wa madrasa tumefundishwa kwamba Hadithi haipokelewi mpaka ijulikane imetoka kwa nani, naye ameipata kwa nani. Habari za watu wa kawaida hazina daraja hiyo, lakini adabu ya kuuliza ni nzuri popote. Tazameni sanad ya habari hizi: mwenye kuyaona aliandika, watoto wakahifadhi, mjukuu akasoma, kitabu kikachapishwa. Ingekatika pete moja tu, tungebaki na jina la mtaa. Ni kweli kwamba mtu akijiandika mwenyewe huona upande wake, na msomaji mwenye busara hulinganisha na maneno ya wengine. Lakini huwezi kulinganisha kisichoandikwa.

Tukumbuke pia kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ile ya deni katika Suratul Baqarah, inatuamrisha kuandika. Ikiwa deni la mali linaandikwa lisipotee, basi na deni letu kwa wazee waliotujengea misikiti, shule na vyama linastahili kuandikwa.

Kwa hiyo tunawausia jambo dogo. Likizo hii, kila mwanafunzi achukue daftari moja, akae na babu yake au bibi yake. Amuulize alizaliwa wapi, alisoma kwa maalim gani, mtaa wao ulikuwaje, nani alijenga msikiti wao. Aandike na tarehe. Nanyi wazazi, kabla ya kuchoma makaratasi ya marehemu mnaposafisha nyumba, yatazameni kwanza. Barua, picha, kadi ya chama, daftari la michango ya madrasa: hizo ni amana.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Mzee Kleist Sykes na wazee wetu wote waliotangulia, awasamehe makosa yao, na atujaalie kuwa wenye kuhifadhi tulichoachiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.