Egas Moniz: Msee wa Ureno aliyepiga picha mishipa ya ubongo, akapewa Nobel ya kitu kingine

Mzee akianguka ghafla pale steji ya Emali, mdomo umepinda na mkono mmoja hauinuki, kuna watakaosema amerogwa. Daktari yeye anataka kujua jambo moja: mshipa wa ubongo umeziba ama umepasuka? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ukimpa mtu ambaye mshipa umepasuka, unaweza kummaliza. So lazima picha kwanza. Na stori ya kupiga picha mishipa hiyo inaanza na Egas Moniz.

Jamaa alizaliwa Avanca, Ureno, mwaka wa 1874. Alikuwa daktari wa ubongo, lakini pia mwanasiasa wa ukweli: mbunge, balozi, hadi waziri wa mambo ya nje. Siasa ilipoisha akarudi kwa wagonjwa.

Shida ni kwamba eksrei ilionyesha mifupa, mishipa ya ubongo haikuonekana kabisa. Moniz akaamua kudunga kwa mshipa wa shingo dawa ambayo eksrei inaweza kuona. Mikono yake ilikuwa imeharibiwa na gauti, kwa hivyo kazi ya mikono ilifanywa na kijana wake, Almeida Lima. Walijaribu kwa maiti, kisha kwa wagonjwa. Mmoja akafa. Wakabadilisha dawa, na Juni 1927 mishipa ya mtu aliye hai ikatokea kwa filamu kama matawi ya mti. Mwaka wa 1937 wakaonyesha mshipa wa shingo ulioziba kwa watu waliopooza upande mmoja.

Hapo ndipo matibabu ya leo yametoka. Utafiti uliotoka 2015 ulionyesha kwamba picha ikipata mshipa mkubwa umeziba, na bonge likatolewa mapema kwa waya unaopitishwa kutoka kwa paja, wagonjwa wengi zaidi hurudi kujitegemea. Dawa ya kuyeyusha nayo kawaida ina saa nne na nusu tu, zikihesabiwa tangu mtu aanguke. Toka Emali hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 100, na malori ya Mombasa Road unayajua.

Sasa noma. Nobel ya 1949 Moniz hakupewa kwa picha. Alipewa kwa kukata ubongo wa wagonjwa wa akili, upasuaji ulioharibu maisha ya wengi na ambao madaktari waliuacha. Yeye mwenyewe alipigwa risasi na mgonjwa mwaka wa 1939, akapona. Alifariki Lisbon, Desemba 1955, akiwa na miaka 81.