Bernhard Grzimek: Daktari wa Wanyama Aliyewahesabu Nyumbu wa Serengeti kutoka Angani

Mwishoni mwa mwaka 1957, ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia iliondoka Ujerumani kuelekea Tanganyika. Marubani wake walikuwa baba na mwana, ambao walikuwa wamejifunza urubani muda mfupi tu kabla ya safari hiyo. Baba alikuwa Profesa Bernhard Grzimek, Mkurugenzi wa Bustani ya Wanyama ya Frankfurt, na mwana aliitwa Michael. Walikuja kutafuta jibu la swali ambalo wakati huo hakuna aliyeweza kulijibu kwa uhakika: wanyama wa Serengeti ni wangapi, na kila mwaka huenda wapi?

Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 mjini Neisse, ambao sasa upo Poland, akasomea udaktari wa mifugo. Mwaka 1945 alikabidhiwa bustani ya Frankfurt ikiwa imebomolewa na mabomu ya vita, na wanyama waliosalia wakihesabika kwa vidole. Aliijenga upya na kuiongoza hadi mwaka 1974. Wajerumani wengi, hata hivyo, walimfahamu zaidi kupitia kipindi chake cha televisheni, ambamo alizoea kuketi mezani na mnyama hai kando yake.

Serengeti ilikuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1951. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilikusudia kubadilisha mipaka yake kutokana na mgogoro wa ardhi na Wamasai, waliokuwa wakilisha mifugo yao humo tangu enzi za mababu zao. Grzimek alitaka kutoa fedha alizopata kwa filamu yake ya awali ili ardhi inunuliwe kwa ajili ya wanyama. Uongozi wa hifadhi ulimshauri afanye jambo lenye manufaa zaidi, yaani kuwahesabu wanyama kabla mipaka haijachorwa.

Baba na mwana waliruka chini chini juu ya mbuga, mstari baada ya mstari, wakihesabu makundi. Jumla yao ilifikia wanyama wakubwa 366,980. Wengine waliwavisha mikanda ya rangi shingoni ili waweze kutambuliwa kutoka angani. Walikusanya pia sampuli za nyasi na udongo, na pengine hilo ndilo lililokuwa jambo la busara zaidi katika kazi yao yote. Nyanda za kusini mashariki zimefunikwa na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro. Nyasi zake ni fupi lakini zina madini mengi, yakiwemo kalsiamu na fosforasi, ambayo nyumbu jike huyahitaji anaponyonyesha. Ndiyo maana nyumbu huzaa huko wakati wa mvua, takriban wote katika wiki chache, na ndama husimama dakika chache baada ya kuzaliwa. Ukame ukiingia, maji na malisho huwavuta kuelekea magharibi na kaskazini.

Ramani ya hifadhi haikufuata njia hiyo. Mwaka 1959 nyanda za mashariki ziliondolewa katika Serengeti na kuwekwa chini ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, ambako Wamasai waliruhusiwa kuishi, na wale waliokuwa ndani ya Serengeti wakalazimika kuhama. Grzimek aliupinga mgawanyo huo. Alitazama mambo kwa jicho la mnyama, na mara nyingi alimwona mfugaji kuwa tishio. Mtazamo huo haukumtendea haki Mmasai, ambaye ng'ombe wake walikuwa wamelisha kando ya nyumbu kwa vizazi vingi.

Michael hakuona mwisho wa shauri hilo. Tarehe 10 Januari 1959, akiwa peke yake angani, ndege yake iligongana na tai na kuanguka. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alizikwa kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro. Baba yake aliikamilisha filamu waliyoianza pamoja, yenye ujumbe kwamba Serengeti isife, na mwaka 1960 ilipata Tuzo ya Oscar kwa filamu za kumbukumbu.

Baada ya Uhuru, Grzimek aliendelea kuchangisha fedha kwa ajili ya hifadhi za nchi yetu. Inasimuliwa kwamba aliwahi kutangaza kwenye televisheni safari za bei nafuu za kuja Afrika Mashariki ilhali safari hizo hazikuwepo. Wateja walipofurika, kampuni za utalii zikalazimika kuzianzisha. Nyumbu nao waliongezeka kupita matarajio yake: ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe, walizidi milioni moja katika miaka ya 1970.

Alifariki dunia tarehe 13 Machi 1987 mjini Frankfurt, akitazama onesho la simbamarara katika sarakasi. Majivu yake yaliletwa Tanzania na kuzikwa Ngorongoro, kando ya mwanawe.