Mchungaji Bruno Gutmann wa Old Moshi

Wamisionari wetu wa CMS walianza kazi Moshi mwaka 1885, enzi za Mangi Rindi. Serikali ya Kijerumani iliwashuku, nao wakaondoka mwaka 1892. Mwaka uliofuata walikuja Walutheri wa Leipzig. Mmoja wa wachungaji wao mashuhuri ni Bruno Gutmann, na yafaa sisi majirani tumfahamu.

Alizaliwa Dresden mwaka 1876, akafika Afrika Mashariki mwaka 1902. Mwaka 1910 alikabidhiwa usharika wa Old Moshi. Watu wa huko walikuwa na uchungu, kwa maana mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi wao, Meli. Gutmann alijifunza Kichagga barabara, akaketi na wazee, akaandika waliyomweleza: sheria za vihamba na mahari, hadithi, na mafunzo ya jando. Kitabu chake cha sheria za Wachagga kilitoka mwaka 1926. Mafunzo ya kabila yalijaza vitabu vitatu, kati ya 1932 na 1938.

Aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vipawa vya Mungu, wala ubatizo usivikate. Kwa hiyo Wakristo wake walikaa katika vihamba vyao kati ya ndugu zao. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha kama warika wa ngao moja, kila mmoja amtunze mwenzake.

Hata hivyo si wote walioridhika. Aliogopa mji, fedha, na shule inayomtenga mtoto na nyumba yake. Lakini vijana walitaka elimu, na wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925. Sisi tuliofundisha twajua kwamba kiu ile ilikuwa ya haki.

Mwaka 1920 Waingereza walimwondosha nchini. Walimu wenyeji wakaulea usharika mpaka aliporudi. Aliondoka kabisa mwaka 1938, akafariki Ujerumani mwaka 1966, mwenye miaka 90.

Vitabu vyake aliviandika kwa Kijerumani, hata wajukuu wengi wa wazee wale hawawezi kusoma maneno ya babu zao. Basi, ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yupo mzee, mpe mjukuu daftari na kalamu, aketi naye jioni, aandike kwa lugha ya nyumbani.