Farrokh wa Mji Mkongwe na wimbo uliovuka mipaka bila yeye

REBERO, KIGALI – Juu ya kilima cha Rebero, kusini mwa jiji hili, ukumbi wa CanalOlympia umewahi kuonyesha filamu na kupokea wanamuziki. Siku hizi anayepanda kilima kwenda kwenye tamasha huwa ameshauona wimbo kabla ya kumwona mwimbaji: video ilimfikia kwenye simu, akaipenda, ndipo akanunua tiketi. Miongoni mwa walioifungua njia hiyo ya biashara yumo mtoto wa Zanzibar, Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury.

Alizaliwa Septemba 5, 1946, Mji Mkongwe. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Alipotimiza miaka minane hivi, kijana alivuka Bahari ya Hindi kwenda shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, nchini India. Huko alijifunza piano, akapiga muziki katika bendi ya wanafunzi, na wenzake wakamzoea kwa jina la Freddie.

Alirudi Zanzibar mwaka 1963, lakini hakukaa. Mapinduzi yalitokea Januari 12, 1964, na mwaka huohuo familia ikahamia Uingereza, ikaanza maisha upya Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kijana wa miaka 17 akawa mhamiaji kama maelfu wengine waliotoka ukanda huu.

Alisomea usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing. Baada ya hapo alikuwa na kibanda katika soko la Kensington, London, pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor, wakiuza nguo zilizokwisha kuvaliwa. Sisi tungesema mitumba. Hapa Kigali wangesema caguwa. Mwaka 1970 wawili hao na mpiga gitaa Brian May waliunda kundi la Queen, na mwaka uliofuata John Deacon akajiunga. Freddie ndiye aliyechora nembo ya kundi.

Sifa ilitangulia, fedha zikachelewa. Mkataba wao na kampuni ya Trident uliwapa ujira mdogo wa wiki. Mwaka 1974 wimbo wao Killer Queen ulifika namba mbili Uingereza, ilhali mifukoni hali haikubadilika sana. Mwaka 1975 walijitoa katika mkataba huo, wakaingia studio wakijua kwamba albamu inayofuata ikishindwa, huenda kundi likafa.

Humo ndimo ulimotoka Bohemian Rhapsody, ulioandikwa na Freddie. Ni roki ya progresivu, ile ambayo wimbo mmoja hubeba sehemu kadhaa zisizofanana. Huu huanza kwa sauti tupu, ukaingia kwenye piano ya taratibu, ukageuka opera, ukalipuka kwa magitaa, kisha ukatulia. Sauti za opera aliziimba Freddie na May na Taylor tu, wakizirekodi tena na tena juu ya nyingine mpaka zikasikika kama kwaya nzima.

Tatizo lilikuwa urefu: dakika 5 na sekunde 55. Redio za wakati ule zilitaka dakika tatu hivi, na wakubwa wa kampuni ya rekodi walitaka ukatwe. Kundi lilikataa. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, aliucheza mara 14 katika siku mbili, na watu wakaanza kuuliza madukani. Ulitolewa Oktoba 31, 1975.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Queen walikuwa na kizuri, lakini walikuwa karibu kuanza ziara ya maonyesho, na kipindi cha televisheni cha Top of the Pops kiliwataka wasanii studioni kila wiki. Tena opera ile isingeimbika vizuri na watu wanne mbele ya kamera. Basi Novemba 1975, katika studio za Elstree, mwongozaji Bruce Gowers aliwapiga picha kwa saa nne hivi, kwa gharama isiyofika pauni 5,000. Nyuso nne gizani, zikizidishwa kwa lenzi mpaka zikajaa kioo.

Haikuwa filamu ya kwanza ya wimbo. The Beatles walishatengeneza zao miaka ya 1960. Hii ndiyo iliyowaonyesha wenye kampuni kwamba wimbo unaweza kusafiri peke yake ukauza, huku mwenyewe yuko barabarani. Ulikaa namba moja Uingereza wiki tisa. Kituo cha MTV kilianza miaka sita baadaye.

Si kila mpaka alioupita ulimpa sifa. Mwaka 1984 Queen walipiga muziki Sun City, Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, wakalaumiwa vikali na kutozwa faini na chama chao cha wanamuziki. Julai 13, 1985, katika tamasha la Live Aid la kuchangia waathirika wa njaa ya Ethiopia, Freddie aliketi kwenye piano uwanjani Wembley na kuanza na wimbo uleule.

Alifariki Novemba 24, 1991, akiwa na miaka 45, siku moja baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI. Dawa mseto za kufubaza virusi zilianza kutumika mwaka 1996. Leo zinapatikana pande zote za mipaka yetu, na kwa anayelala Rusumo leo na Gatuna kesho, kupima mapema ni uhai. Wimbo ulitolewa upya baada ya kifo chake, ukashika namba moja tena, na mapato yakaenda kwa shirika la kuhudumia wenye virusi.

Nyumbani kumbukumbu yake imegawanya watu. Mwaka 2006 sherehe ya miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa Zanzibar baada ya kundi la Uamsho kuipinga kwa misingi ya dini na maadili. Mwaka 2019 makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Shangani, na watalii hulipa kiingilio.

Mwaka 2023 mali zake zilipigwa mnada London. Piano yake iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.7, na karatasi alizoandikia maneno ya Bohemian Rhapsody kwa karibu milioni 1.4. Msanii wa Kigali, Goma au Mwanza anayetuma video yake ng'ambo leo hahitaji Elstree, simu inatosha. Anachohitaji bado ni kile ambacho Queen walikipigania kabla ya kurekodi: mkataba unaosema mzigo ni wa nani.